SOMO: Spika za kompyuta zinanguruma hujacheza kitu? Usikimbilie kununua nyingine

Wadau salama? Niko Tanga hapa Ngamiani, haipiti wiki mtu hajaja na sabufa kwapani anasema imekufa, ukiipima nzima kabisa. Na mimi niliwahi kununua spika mara mbili kwa mlio uleule wa mmmmm kumbe ugonjwa uko ukutani kwenye soketi, roho iliniuma mpaka basi.

Anza hivi. Spika ziache zinawaka, chomoa ule waya wa sauti kwenye kompyuta. Ncha yake usiiguse na kidole maana ukiigusa lazima ingurume utajidanganya bure. Mlio ukibaki, kompyuta haina kosa, ni spika au umeme unaoingia kwenye spika. Mlio ukikata basi hamia kwenye mashine, yaani kompyuta yenyewe.

Kwenye mashine angalia kwanza ile pini ya waya. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, utaikuta imeota kijani, ifute na spiriti halafu ichomeke na kuchomoa mara kadhaa. Kama ulikuwa unatumia tundu la mbele ya kava (boksi la kompyuta) hamia la nyuma, la mbele waya wake unapita ndani katikati ya mafeni na makorokoro yote. Ukimaliza ingia mipangilio ya sauti uzime maiki kama huitumii.

Sasa ule mngurumo mzito usiokata, huo mara nyingi ni umeme, wetu ni volti 230 na hezi 50 (mitetemo 50 kila sekunde) na ndo hiyo 50 unayoisikia. Kompyuta ipo soketi hii, sabufa soketi ile ya chumba kingine, zinaunganishwa na waya wa sauti, mara nyingi zinagombana. Chomeka zote ekstensheni moja. Na ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu na kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, ethi (ile njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) hapo hamna, ndo maana ukigusa kava kwa mkono unahisi kama sisimizi wanatembea.

Laptopu chomoa chaja tu. Ikinyamaza mwizi ni chaja, hizi za bei chee ni waja leo waondoka leo.

MASWALI

– Mkuu mimi nikisogeza mausi inafanya krrr krrr
Hizo ni kelele za madabodi (ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta) zinaingia kwenye njia ya sauti. Tafuta kadi ya sauti ya nje ile ya kuchomeka USB, haina gharama kubwa.

– Yangu haionyeshi kitu, inapiga bip bip tu
Hiyo sio spika ndugu yangu, madabodi inalalamika, mara nyingi ramu (kile kipande cha kumbukumbu ya muda). Zima, toa waya wa umeme, chomoa ramu usugue meno yake na raba ya penseli, rudisha mpaka usikie ka!

– Ndani ya kava kuna tak tak tak na inaganda
Hiyo ni hadi diski, ile inayohifadhi mafaili. Acha kila kitu uhamishe mafaili yako SASA HIVI, matengenezo baadaye.

– Fundi kasema nikate waya wa ethi mlio utaisha
Mlio utaisha kweli, ila siku kava ikishika umeme utaisha wewe. Usikate.

– Yangu inalia tit-ti-tit-ti-tit halafu inanyamaza yenyewe
Simu unaweka wapi?

– Juu ya spika
Iondoe.

– Duh. Na nilishaifungua yote iko mezani hapa