SOMO: Umekaa dom (bweni la chuo) Marekani na sasa unatafuta apatimenti yako ya kwanza, dom inahesabika kwenye historia ya upangaji?

Habari zenu wana jukwaa. Mei ndo hiyo inaingia, watu wanamaliza chuo, wanatolewa dom na swali ni lile lile kila mwaka: fomu ya apatimenti inadai historia ya upangaji na mtu kakaa kampasi tangu afike Marekani, hajawahi kumlipa kodi mwenye nyumba yeyote. Ajaze nini?

Jibu fupi ni kwamba inategemea nani anaisoma hiyo fomu. Hakuna sheria ya nchi nzima inayosema dom ni upangaji au sio, kila mwenye nyumba ana vigezo vyake. Makampuni makubwa mengi hayaihesabu, kwa sababu ile karatasi uliyosaini chuoni mara nyingi sio lizi (mkataba wa kupanga nyumba) kabisa, ni mkataba wa makazi unaokupa ruhusa tu ya kutumia chumba mwaka wa masomo. Tena ulilipa kwa semista, hela imechanganyika na ada na chakula, bili ya umeme hujawahi kuiona, na likizo ya Krismasi vyuo vingine vinafunga majengo mnatafuta pa kwenda. Mwenye nyumba akiangalia hapo haoni kama we ni mtu wa kulipa kila tarehe moja ya mwezi. Ila vitu vingine anavyovitafuta vipo humo humo: ulimaliza deni lako, hukuharibu chumba, hukufukuzwa. Kazi yako ni kuvitoa na kumpa mwenyewe kabla hajauliza.

HATUA YA 1: Jua ulikaa wapi hasa
Watu wanaita kila kitu dom, kumbe kuna tofauti kubwa. Chumba cha kampasi cha kushea ndo kigumu kuhesabika. Apatimenti za chuo, hasa zile za wanafunzi wa masters na wenye familia, ambako unalipa kila mwezi, hizo zina nguvu zaidi. Na yale majengo ya kampuni binafsi karibu na chuo ambako kila mtu anasaini lizi ya kitanda chake, hiyo ni lizi halali, ni historia ya upangaji kamili, iandike bila wasiwasi. Kuna watu wanaiacha wakidhani nayo ni dom!

HATUA YA 2: Chukua makaratasi kabla hujahama
Hapa ndo penye kazi, msiruke. Andikia ofisi ya makazi ya chuo uombe barua ya uthibitisho wa makazi. Usiombe barua tu, waambie iwe na nini: jina lako, jengo, tarehe uliyoingia na uliyotoka, kwamba hudaiwi, na kwamba hakuna kesi ya nidhamu ya makazi. Wengine watakupa tarehe tu, sawa, chukua hiyo hiyo.

Halafu ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, daunilodi taarifa ya malipo ya semista zote. Tafuta ule mstari wa makazi, piga alama, gawanya kwa miezi uliyokaa. Mfano makazi dola 4,500 kwa semista ya miezi minne na nusu, hapo ulikuwa unalipa kama dola 1,000 kwa mwezi. Andika hesabu hiyo pembeni, maana mwenye nyumba anafikiria kwa mwezi, semista haimwambii kitu.

Na saini fomu ya kuruhusu chuo kutoa taarifa zako. Kuna sheria ya mwaka 1974 inaitwa FERPA, inakibana chuo kisitoe rekodi zako bila ruhusa yako ya maandishi. Mwenye nyumba anapiga simu anaambiwa hatuwezi kusema chochote, anadhani unaficha kitu.

HATUA YA 3: Kujaza fomu
Anwani ya zamani weka ya jengo la dom, pale pa mwenye nyumba weka jina la chuo na namba ya ofisi ya makazi. Sababu ya kuhama: mkataba wa mwaka wa masomo umeisha. Usiweke namba ya mshikaji wako ajifanye landilodi, wakigundua fomu inatupwa na hata ukishaingia inaweza kukutoa.

HATUA YA 4: Uliza kabla hujalipa hela ya maombi
Wapigie: "Mnakubali makazi ya chuo kama historia ya upangaji? Kama hamkubali, mnataka nini badala yake?" Texas sheria inawataka wakupe vigezo vyao kwa maandishi pamoja na fomu, wasipotoa halafu wakakukataa wanatakiwa kurudisha hela ya maombi. New York hiyo hela haizidi dola 20. Massachusetts mwenye nyumba haruhusiwi kukutoza kabisa.

HATUA YA 5: Jazia pengo
Wenye nyumba wengi wanataka kipato cha mwezi mara tatu ya kodi. Kama kazi umepata ila hujaanza, barua ya ajira inasaidia. Kama huna, tafuta mdhamini. New York City kawaida ni kipato cha mwaka mara 40 ya kodi ya mwezi, na mdhamini mara 80, kwa hiyo mjomba anayefanya shifti moja huenda asifike, ongeeni mapema.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mi niko F-1 (viza ya mwanafunzi), sina soshal (namba ya Social Security) wala kredit (rekodi ya kulipa madeni), dom miaka miwili. Nitapata kweli?
Jibu: Utapata kaka. Peleka pasipoti, I-20 (ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni), barua ya dom na stetimenti za benki. Ukipata kazi ya kampasi unaweza kuomba soshal. Anza na wenye nyumba wadogo wenye nyumba moja mbili, hao unaongea nao uso kwa uso, kampuni kubwa fomu inapita kwenye kompyuta kwanza.

Swali: Nikilipa kodi ya miezi sita mbele si watanikubali tu?
Jibu: Kuna majimbo inakubalika, ila New York hawaruhusiwi kukudai hivyo, na deposit mwisho ni mwezi mmoja. Na dada, usitume hela kwa Zelle (huduma ya kutumiana hela kwa simu) kwa mtu ambaye hujaingia hata ndani ya nyumba yake, tafadhali sana.

Swali: RA wangu (mwanafunzi msimamizi wa dom) anaweza kuniandikia barua?
Jibu: Kama ya tabia sawa, kama mwenye nyumba hapana, naye ni mwanafunzi. Bosi wako wa kazini ana uzito zaidi.

Swali: Nina deni la uharibifu wa chumba chuoni dola 180, nilipe au niache?
Jibu: Lipa, au kama sio wewe kata rufaa sasa hivi kwa maandishi na uambatanishe picha. Likipelekwa kwa wakusanya madeni linaweza kuonekana kwenye ripoti yako ya kredit na hapo barua nzuri ya dom haikuokoi.

Swali: Hosteli niliyokaa Dar miaka mitatu niiweke?
Jibu: Weka kama anwani ya zamani ikiwa fomu inarudi nyuma hadi huko. Kuithibitisha ni ngumu kwao, kwa hiyo ukipata barua ya Kiingereza yenye muhuri ambatanisha, ila usiitegemee.

Swali: Wamenikataa jana hawajasema kwa nini.
Jibu: Kama wametumia ripoti ya kredit au ya upangaji, sheria inawataka wakupe notisi yenye jina la kampuni iliyotoa ripoti. Una siku 60 kuomba nakala yako bure. Iombe leo, angalia jina, anwani na madeni ambayo sio yako. Ukikuta kosa pinga kwa kampuni iliyotoa ripoti, halafu mwandikie tena mwenye nyumba umuonyeshe.