"Pick up": kuokota, kupitia, kudaka

Kijana wa Wete anayetembeza wageni mashambani alimwambia mgeni kwamba watoto chini ya mkarafuu "are picking cloves". Mgeni akainua macho matawini, akitafuta watoto. Wenyewe wako chini, wanaokota mpeta, karafuu zilizoanguka. "Pick" ni kuchuma. Kuokota ni "pick up".

Hatua ya 1. Shika kwanza maana ya mkono: kitu kiko chini, unakinyanyua. Funguo zimeanguka, "pick up the keys". Usiende mbele mpaka hii ikae.

Hatua ya 2. Pahala pa kitu weka mtu, na sasa unampitia kwa chombo. "I'll pick you up at Malindi", nitakuja kukuchukua bandari ya Malindi, Unguja, boti ikifunga. Kumshusha ni "drop off". Hata pikapu inayotubebea ndizi imepata jina humu humu.

Hatua ya 3. Simu: inaita, unapokea. Basi.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana hakuna anayenyanyua chochote. "The wind is picking up": upepo unazidi, na kusi likiingia utausikia sana mkondoni. "Business is picking up": biashara inachangamka. Na vijana wa Kiwengwa wanaozungumza Kiitaliano bila kukaa darasani hata siku moja? "They picked it up on the beach." Wamekidaka pwani. Mafua nayo hudakwa hivyo hivyo.

Masuali yenu

Mwalimu, "pick up him" ni kosa?
Kosa. Vijineno kama "him", "it", "them" hukaa katikati: "pick him up". Jina kamili lina uhuru, "pick up the bag" au "pick the bag up".

Mimi dereva wa teksi. Nilimwandikia mgeni "I will take you at the airport", akanijibu kwamba yeye ndo kwanza anakuja.
Kiswahili chetu kimekuponza, bwana. "Kuchukua" kwetu kunatosha kote, lakini "take" kwake ni kupelekwa. Andika "I will pick you up from the airport".

Mbona mgeni alicheka niliposema kaka yangu "picked up a girl in Paje"? Alimpa lifti tu!
Umemuuza kaka yako, dada. Ukisema hivyo bila kutaja gari, mtu anaelewa kwamba kamtongoza na wameondoka pamoja. Sema "he gave her a lift", na mke wake asikusikie ukisema vyengine.