Mnyama Akiingia Ndani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mvua za Tabora

Mvua za Novemba zinapoanza Tabora, maji hujaa kwenye mashimo ya vichuguu, panya huhamia kwenye stoo za mahindi, na nyoka huwafuata panya hao hadi ndani. Kwa sababu hiyo maandalizi yanapaswa kufanyika Septemba na Oktoba, wakati majani yangali makavu na mafundi wanapatikana, kwani usiku ambao watoto wanapiga kelele sebuleni si wakati wa kuanza kutafuta tochi yenye betri au namba ya simu ya mtu wa kuomba msaada.

Anza na milango. Nafasi ya kidole kimoja chini ya mlango inamtosha nyoka mdogo kupita, na nyumba zetu nyingi za tofali za kuchoma zina nafasi kubwa kuliko hiyo. Kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa misumari chini ya ubao huiziba vizuri. Kagua vilevile mahali bomba la maji machafu linapotokea ukutani, pamoja na pale bati linapokutana na ukuta. Matawi ya mwembe yanayogusa paa yapunguzwe, hata kama ni mwembe wa babu, kwa sababu ndiyo njia ya koboko na ya tumbili pia.

Stoo inahitaji uangalifu zaidi ya vyumba vingine. Magunia yawekwe juu ya chaga, yaachane na ukuta kiasi cha mtu kuweza kumulika nyuma yake, kwa maana kifutu hakimbii anaposikia hatua za mtu. Hulala kimya, mwili mnene wenye rangi ya majani makavu, na ukimkaribia hutoa pumzi nzito kama pampu ya baiskeli inayovuja. Anayeingiza mkono gizani kuvuta gunia huenda asiisikie sauti hiyo mapema. Namshauri kila mama wa nyumba, na kila binti anayemsaidia, amulike kwanza, asogeze gunia kwa mti mrefu, na avae viatu vilivyofunika mguu hata kama anakwenda kuchota debe moja tu.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni njia ya kutokea. Mnyama aliyeingia ndani mara nyingi anatafuta pa kutokea, na anakuwa hatari zaidi anapobanwa kwenye kona. Chagueni mapema mlango utakaofunguliwa wazi, mkubaliane watoto watakimbilia wapi, na mjue ni milango gani ya vyumba itafungwa ili mnyama asizidi kuingia ndani. Mtu mzima mmoja abaki mbali akiangalia nyoka yuko wapi, kwa sababu nyoka aliyepotea machoni ndani ya nyumba anasumbua kuliko anayeonekana. Swila anaweza kutema sumu umbali wa zaidi ya mita mbili akilenga macho, kwa hiyo asiwepo wa kumsogelea na fimbo. Sumu ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi safi papo hapo, kisha hospitali.

Andika kwenye karatasi, nyuma ya mlango, namba ya mwenyekiti wa mtaa, ya afisa wanyamapori wa halmashauri, na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ulizia mapema ni hospitali gani iliyo na dawa ya sumu ya nyoka, maana si kila zahanati inayo, na saa moja iliyopotea kwa kuzunguka ni kubwa mno kwa aliyeumwa. Mwondoe pete na bangili, mguu au mkono ulioumwa usitikiswe, usifungwe kamba kwa nguvu, usichanjwe wala kunyonywa. Kama usafiri uliopo ni bodaboda, akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma.

Popo wa darini wana utaratibu wao. Matundu yazibwe jioni wakishatoka kwenda kula, na kama wana vichanga, subirini hadi waweze kuruka. Asiwepo wa kuwashika kwa mikono mitupu. Tumbili hufuata harufu ya matunda na ugali uliobaki, basi jiko lifungwe.

Nguchiro, kicheche au mbweha anayeingia mchana bila kuogopa watu, akiyumba au akitokwa mate, achukuliwe kuwa ana kichaa cha mbwa. Fungeni watoto na mbwa katika chumba kingine, mpigieni simu afisa wanyamapori, na yeyote aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende kuanza chanjo siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama mchubuko wa mwiba.