Tazameni mwezi kabla ya kupanga siku ya ufukweni

Mkienda Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na marafiki Desemba hii, ratiba ianze na mwezi. Siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo ni bamvua: maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, hujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Asubuhi hizo ni za kutembea kuelekea mwambani, si za kuogelea. Vaeni viatu vya soli ngumu vinavyofunika vidole. Ndala huchomoka topeni, na mwiba wa shokomzoba, mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba, hukatikia ndani ya nyama. Maji yakianza tu kujaa, geukeni. Hujaza kwanza vibonde mlivyokwisha kuvivuka, na hapo ndipo wageni hunaswa.