Kuangalia ndege msitu wa Rau kipindi hiki cha baridi

Wadau wa Moshi, hii baridi ya mwezi wa sita mpaka wa nane isiwafungie ndani, msitu wa Rau uko hapo tu nje kidogo ya mji na bodaboda inakufikisha. Keremkerem na mbayuwayu wanaotoka Ulaya huwakuti, walishaondoka na watarudi kwenye mwezi wa kumi, waliobaki ni wenyeji, na kwa anayeanza naona ni nafuu maana ndege wa kujifunza wanapungua.

Usidamke sana. Kukiwa na wingu huko ndani kunakuwa na kiza, ndege unaona kivuli tu rangi huoni, kwa hiyo ingia mida ya saa moja na nusu hivi, na kwa vile jua sio kali hata saa nne utawakuta bado wamechangamka.

Darubini ya 8x42 inatosha. Namba ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na msituni huo upana ndo unakusaidia, zile za kukuza sana mkono ukitetemeka kidogo huoni kitu. Ukimwona ndege usiinamishe macho, mkazie hapo hapo afu ndo uinue darubini.

Sasa cha maana kuliko vyote: tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva, simama, nyamaza. Wengi wanataka wazunguke msitu mzima asubuhi moja wanaishia kuwafukuza ndege. Hondohondo utamsikia kabla hujamwona, mabawa yanavuma kama mtu anapepeta mchele kwa ungo mkubwa. Ni mweusi, tumbo kwa chini jeupe, mashavu ya kifedha, dume ana pembe kubwa ya rangi ya krimu juu ya mdomo, ya jike ni ndogo. Mwangalie anavyokula, anachuma tunda kwa ncha ya mdomo, anarusha kichwa nyuma, linaingia kooni. Akitaka kutaga, jike anaingia kwenye shimo la mti, mlango unazibwa kwa udongo unabaki mwanya mwembamba, na dume ndo anamlisha kupitia hapo, kwa hiyo inaniuma sana nikisikia mtu anasema miti mizee yenye mashimo haina faida ikatwe.

Na jamani msicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita, anaacha kula anakuja kupambana na adui ambaye hayupo.

Ukitoka pitia mashamba ya mpunga, kuna yangeyange, fundichuma na kwarara. Vaa gambuti, Rau ni ya chemchemi matope hayaishi. Ni msitu wa hifadhi, lipia kiingilio, afu chukua mwongozaji wa pale pale, wao wanajua mkuyu upi unazaa wiki hiyo.