Somo: Kupanga Safari ya Familia kwa Gari Kwenda Palmyra, Kirtland na Nauvoo

Kiangazi cha kwanza tulikosea. Tulikuwa saba ndani ya veni moja: mimi, mume wangu, watoto wanne na mama yangu mzazi. Tulitaka kumaliza kila kitu kwa siku sita, kuanzia New York hadi Missouri. Kirtland tulifika saa kumi na mbili jioni, milango imeshafungwa. Watoto waliliona hekalu kupitia kioo cha gari, wawili wao wakiwa usingizini. Mama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, tumekuja kutembea au tunafukuzwa?"

Swali hilo lilinikaa, kwa sababu mama anajua kufukuzwa ni nini. Alitoka Uvira mwaka 1996 na watoto watatu na furushi moja la nguo, akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Tangu kiangazi kile tumesafiri tena mara mbili kwa mpango mzuri zaidi. Somo hili naliandika kwa ajili ya familia zetu zinazosema Kiswahili huku Marekani, zinazotamani kuona mahali ambapo Kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzia.

Hatua ya 1: Chagua kipande kimoja cha njia

Watakatifu wa mwanzo, yaani waumini wa Kanisa letu, hawakukaa mahali pamoja. Kanisa liliundwa Fayette, New York, tarehe 6 Aprili 1830. Mwaka uliofuata wakahamia Kirtland, Ohio, na wengine Missouri. Missouri wakafukuzwa majira ya baridi ya 1838 kuingia 1839, wakajenga Nauvoo, Illinois, na huko nako wakaanza kuondoka Februari 1846. Brigham Young, kiongozi wao, aliingia bonde la Salt Lake tarehe 24 Julai 1847. Kutoka Nauvoo hadi pale ni karibu maili 1,300, na wao walikwenda na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ninyi msijaribu kuimaliza njia yote kwa likizo moja.

Naigawa hivi. Kipande cha mashariki ni Palmyra na Kirtland: kati yake ni maili 260 hivi, saa nne na kitu barabarani, na siku nne zinatosha. Kipande cha kati ni Nauvoo, Carthage na Liberty: siku tano, sita. Kipande cha magharibi, kuanzia Winter Quarters, kambi yao ya majira ya baridi pale Omaha, mpaka Salt Lake City, ni zaidi ya maili 900 za nyasi na upepo, kinataka wiki nzima na watoto waliokwisha kuwa wakubwa kidogo. Kutoka Kirtland kwenda Nauvoo ni saa tisa za kuendesha, hivyo anayeunganisha mashariki na kati alale njiani usiku mmoja.

Mtu akiniuliza aanze na kipi, namwambia Nauvoo. Ndipo watoto wanapoelewa haraka.

Hatua ya 2: Tarehe

Juni hadi mwanzo wa Agosti ndiyo Nauvoo iko hai: maonyesho ya jukwaani, magari ya farasi, watu wa kujitolea kila nyumba. Mwezi wa tisa pametulia na joto limepungua, lakini mengi ya hayo yamekwisha. Saa za kufungua hubadilika kati ya kiangazi na baridi, na Jumapili sehemu nyingi huchelewa kufunguliwa. Hakikisheni siku mbili kabla ya kuondoka. Kama mna kibali cha hekalu (cheti anachopewa muumini ili aingie hekaluni) na mnataka kuingia hekalu la Palmyra au la Nauvoo, wekeni miadi mapema.

Hatua ya 3: Karatasi na barabara

Hapa nasema na wakimbizi na wahamiaji wenzangu. Kila mtu mzima abebe kadi yake ya ukaazi au hati aliyonayo. Palmyra si mbali na maporomoko ya Niagara, na watoto watawaomba muende. Nendeni, ila mbaki upande wa Marekani. Asiye na hati ya kusafiria asivuke daraja kwenda Kanada kwa ajili ya picha. Kurudi kunaweza kuwa taabu.

Barabara kuu ya kulipia ya New York haipokei pesa taslimu. Kamera hupiga picha namba ya gari, na bili huja nyumbani. Nunueni kile kifaa cha E-ZPass kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele: kinapunguza bei, na kinafanya kazi pia Ohio na Indiana.

Petroli ni hesabu rahisi. Sisi tunaishi Columbus. Mzunguko wa kwenda Palmyra na kurudi kupitia Kirtland ni karibu maili 840. Veni yetu inakwenda maili 25 kwa galoni, kwa hiyo ni galoni 34 hivi. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya kupotea njia.

Hatua ya 4: Kulala na kula

Vituo vya Kanisa havina kiingilio, hata kimoja. Gharama yenu ni petroli, malazi na tumbo. Mnapoweka nafasi hotelini, semeni idadi yenu kamili. Sisi tulikaa kimya tukidhani watoto wadogo hawahesabiki, na saa nne usiku hoteli moja ikatukatalia kuingia saba katika chumba kimoja. Tulilipa vyumba viwili kwa bei ya dakika ya mwisho.

Chakula tunabeba: chapati za siku mbili, mayai ya kuchemsha, boksi la barafu lenye maziwa na matunda, thamosi ya uji wa mama, na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Mtoto aliyekula wali jioni huamka bila malalamiko.

Hatua ya 5: Kila mtoto abebe mtu mmoja

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha safari zetu. Mwezi mmoja kabla, kwenye jioni ya familia, kila mtoto anachagua mtu mmoja wa historia na kujifunza habari zake. Njiani yeye ndiye mwalimu wa mtu huyo. Kijana wangu mkubwa alimchukua Elijah Abel, fundi seremala mweusi aliyetawazwa kuwa mzee wa Kanisa, cheo cha ukuhani, mwaka 1836. Binti wa miaka kumi na moja alimchukua Jane Manning, mwanamke mweusi aliyetembea kwa miguu hadi Nauvoo. Wadogo walichukua Lucy Mack Smith, mama yake Nabii Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, na Mary Fielding, mjane wa Hyrum, kaka yake Joseph. Tulipofika Nauvoo hakuna aliyeuliza "tunaondoka lini?" Kila mmoja alikuwa anamtafuta mtu wake.

Hatua ya 6: Mkifika mashariki

Palmyra, anzeni na Kijisitu Kitakatifu asubuhi mapema, kabla ya mabasi. Vaeni suruali ndefu na soksi, kuna kupe. Baadhi ya miti ile ilikuwepo mwaka 1820, Joseph alipoingia kuomba. Tafuteni benchi, kaeni, msiongee. Mwacheni hata mtoto mdogo asikie majani.

Kisha nendeni mtaa mkuu, kwenye jengo la Grandin, palipochapwa Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu, mwaka 1830. Nakala zilikuwa 5,000, na Martin Harris, mfuasi wa Joseph, aliweka shamba lake rehani kwa dola 3,000 ili kazi ifanyike. Wanaonyesha jinsi herufi za madini ya risasi zilivyopangwa moja moja, kinyumenyume, na jinsi kurasa 16 zilivyopigwa kwa mara moja upande mmoja wa karatasi kubwa, kisha karatasi ikakunjwa na kukatwa. Mama alikuwa ameshika Kitabu chake cha Kiswahili, kile kilichofungwa kwa mkanda wa plastiki mgongoni. Alikilaza juu ya ukingo wa meza, akakitazama, akaitazama mashine, hakusema neno.

Kirtland, tengeni siku nzima. Hekalu liliwekwa wakfu tarehe 27 Machi 1836. Kwa miaka mingi lilikuwa mali ya Jumuiya ya Kristo, kanisa jingine lenye asili moja na letu, na Machi 2024 Kanisa letu lilinunua kutoka kwao hekalu hilo pamoja na nyumba kadhaa za Nauvoo. Sasa mnaingia bure, mkiongozwa, na hamhitaji kibali kwa kuwa hakuna ibada za hekaluni zinazofanyika humo. Duka la Newel Whitney liko mwendo mfupi kwa gari. Ghorofani mna chumba kidogo cha Shule ya Manabii, darasa la viongozi wa mwanzo, ambako wanaume walivuta kiko na kutema tumbaku sakafuni hadi Neno la Hekima, agizo la kuacha tumbaku na vileo, likaja mwaka 1833. Simameni humo familia nzima mtaona udogo wake. Moshi ungekwenda wapi?

Hatua ya 7: Mkifika Nauvoo

Asubuhi ya kwanza nendeni kituo cha wageni mkachukue tiketi za magari ya farasi. Ni bure, lakini huisha. Siku hiyo iwe ya watoto: mhunzi, tanuri la mikate, ufyatuaji wa matofali. Hekalu lililopo kilimani lilijengwa upya na kuwekwa wakfu 2002. La kwanza lilichomwa moto 1848.

Siku ya pili nendeni Carthage, mwendo wa nusu saa hivi, halafu mrudi mtembee Parley Street. Fuateni mpangilio huo. Carthage mtapanda ngazi nyembamba hadi chumba ambamo Joseph na Hyrum waliuawa tarehe 27 Juni 1844. Mlango wa siku ile bado upo, una tundu la risasi. Kijana wangu alisogeza kidole karibu na tundu, akakirudisha bila kugusa.

Parley Street ni njia iliyonyooka kuelekea Mto Mississippi. Pembeni kuna mabango yenye maneno ya watu waliokuwa wanaondoka, na mimi nilikuwa namtafsiria mama bango moja baada ya jingine. Mmoja alifagia nyumba yake kabla ya kufunga mlango. Mama akasimama. "Na kuku wao waliwaachia nani?" akauliza. Mhudumu, mzee wa Utah, aliposikia tafsiri alisema miaka yote aliyotumikia pale hajaulizwa swali hilo. Wakakaa kwenye benchi mbele ya mto, mama akamweleza habari za Uvira, mimi katikati natafsiri. Chungu cha maharage alikiacha jikoni, moto unawaka. Tulikaa hapo hadi jua likazama upande wa Iowa.

Nendeni pia Liberty na Independence, miji ya Missouri, kama mna siku mbili za ziada. Gereza la Liberty limejengwa upya ndani ya kituo cha wageni, upande mmoja umeachwa wazi ili muone ndani. Joseph na wenzake walifungwa humo tangu 1 Desemba 1838 hadi 6 Aprili 1839. Someni Mafundisho na Maagano, kitabu chetu kingine cha maandiko, sehemu ya 121 mkiwa mmesimama pale.

Maswali ya washiriki

Mama Amani, Des Moines: Sisi tuko Iowa. Ni lazima kuanzia New York?

Hapana, mama. Ninyi mmekaa juu ya njia yenyewe! Mount Pisgah na Garden Grove, vituo vilivyoanzishwa mwaka 1846 ili wanaokuja nyuma wakute mazao shambani, mnaweza kuvifikia asubuhi na kurudi jioni. Winter Quarters nayo ni saa mbili na kitu. Fanyeni Jumamosi mojamoja, Nauvoo iwe ya likizo.

Baba Neema, Dar es Salaam: Tunatarajia kuja watano mwakani. Tuanzie wapi?

Karibuni sana, kaka. Msilipie tiketi za ndege zisizorudishwa kabla ya viza kutoka. Chukua leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani, na dereva awe na miaka 25 au zaidi, la sivyo mwenye magari ataongeza malipo. Shukeni Chicago, kodini gari hapo. Nauvoo ni saa nne na nusu hivi.

Dada Riziki, Grand Rapids: Mume wangu ni Mkatoliki. Hatajisikia mgeni?

Dada, wahudumu hueleza imani yao waziwazi, mwambie hilo kabla ili asishtuke. Lakini hakuna anayelazimishwa kitu. Pia mtazame pamoja habari za Missouri: amri ya Gavana Boggs ya mwaka 1838 ilisema Wamormoni, yaani watu wa Kanisa letu, waangamizwe au wafukuzwe jimboni, na haikufutwa rasmi hadi 1976. Baba yeyote mwenye familia ataelewa uzito wake, awe wa kanisa gani.

Kijana wa kigingi (jimbo la Kanisa) cha Columbus: Watoto weusi tuwaambie nini kuhusu historia yetu?

Mdogo wangu, waambie yote. Jane Manning alitoka Connecticut mwaka 1843 na ndugu zake. Walipofika Buffalo wakanyimwa nafasi kwenye chombo, wakatembea karibu maili 800 hadi Nauvoo, miguu ikapasuka ikatoa damu njiani. Aliishi na kufanya kazi ndani ya Mansion House, nyumba ya Joseph na mkewe Emma, mtaiona. Green Flake aliingia bonde la Salt Lake siku mbili kabla ya Brigham Young, naye alikuwa mtumwa. Tangu 1852 weusi walinyimwa ukuhani na ibada za hekaluni, hadi Juni 1978. Jane aliomba tena na tena apewe ibada zake mwenyewe za hekaluni, akakataliwa, akafariki 1908. Binti yangu aliposoma hayo alilia, na sikumnyamazisha. Aliuliza kwa nini Jane hakuondoka, tukalizungumza kwa siku tatu barabarani.

Mkifika Utah, Jane na Elijah Abel wote wamezikwa katika makaburi ya Jiji la Salt Lake. Sisi tunakwenda kiangazi kijacho. Binti yangu ameshaanza kuweka akiba ya maua.