Tafuta kwanza tarehe ya kiapo cha babu

Anayetaka kudai uraia wa nchi ya asili ya babu yake asianze kulipia vyeti vya kuzaliwa vya ukoo mzima, bali atafute kwanza tarehe ambayo babu huyo aliyehama alikula kiapo na kupata uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, ugenini, kisha ailinganishe na tarehe aliyozaliwa mtoto wake anayefuata katika nasaba. Kwa Italia, kwa mfano, aliyekula kiapo hicho kabla ya Agosti 1992, mtoto huyo akiwa hajazaliwa, hakuwa tena na uraia wa kumrithisha, na hapo mnyororo umekatika hata kama vyeti vingine vyote ni safi. Tafuta pia majina yaliyogeuzwa, maana Giuseppe wa kitabu cha parokia huenda ndiye Joseph wa jalada la uraia katika mahakama ya Marekani. Hata hivyo, tarehe pekee haitoshi tena huko Italia, kwa kuwa tangu Machi 2025 urithi huo kwa kawaida hauvuki babu au bibi. Wala haisaidii kwa Ayalandi, ambako mjukuu huangaliwa babu au bibi yake alizaliwa wapi, na kitukuu huulizwa kama mzazi wake alikwisha kuandikishwa katika daftari la waliozaliwa nje kabla yeye hajazaliwa.